Jeni Mbaya ni Ipi? Hatari ya Kutaka Kumkamilisha Mwanadamu kwa Sayansi

Mwaka 1968 Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyekwisha kupata Tuzo mbili za Nobel, alipendekeza kwa maandishi kwamba kila kijana mwenye jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, achorwe alama kwenye paji la uso. Alama hiyo, alieleza, ingewazuia vijana wawili wenye jeni ileile wasipendane, na kwa hiyo wasizae mtoto mgonjwa. Pauling hakuwa katili. Nobel yake ya pili ilikuwa ya amani, kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia. Wala hakuwa mgeni wa ugonjwa aliouzungumzia, maana ni yeye na wenzake waliothibitisha mwaka 1949 kwamba selimundu inatokana na hitilafu ya molekuli moja, himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu.

Nimeanza na Pauling kwa makusudi. Mjadala wa kumkamilisha mwanadamu huwa unaanzia kwa Hitler, na msomaji akishasikia jina hilo hujiona yuko salama, kwa sababu anajua yeye si mtu wa namna ile. Lakini wazo la kusafisha uzao wa binadamu limebebwa mara nyingi na wasomi wenye huruma, walioona mateso ya kweli wakataka kuyamaliza. Hatari yake haionekani mpaka uulize swali moja: jeni mbaya ni ipi, na nani aliyeamua kuwa ni mbaya?

Selimundu yenyewe inatoa jibu zuri kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua, na jibu hilo liligunduliwa hapa kwetu.

Familia nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zinaujua ugonjwa huu kwa karibu. Mtoto huvimba vidole vya mikono na miguu kabla hata hajaanza kutembea. Macho hugeuka manjano, damu hupungua, kisha huja maumivu ya mifupa yanayomliza usiku kucha. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja ya kikemia kwenye jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hugandana kama fito ndani ya chembe nyekundu ya damu, chembe inapinda mfano wa mundu, inaziba mishipa midogo na kufa mapema. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, wakati hii haimalizi mwezi. Aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila kujua kuwa anayo, mpaka aoe au aolewe na mwenzake wa aina hiyo. Hapo kila mimba inakuwa na uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alirudi na msafara wa watafiti akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu na maeneo makavu hawakufika hata mmoja katika 100. Kama jeni hii ni hasara tupu, kwa nini ijazane sehemu fulani? Allison alilinganisha na ramani ya malaria, na ramani mbili zikalandana. Alichapisha matokeo yake mwaka 1954: mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye, zikiwemo zilizofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, zimeonyesha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafikia hadi asilimia 90.

Turudi sasa kwenye paji la uso. Alama ya Pauling ingepigwa kwa watu ambao kwao jeni hiyo ilikuwa ngao. Mtoto wa pwani ya zamani, kabla ya vyandarua vyenye dawa na kabla ya dawa mseto, alikuwa na nafasi kubwa ya kufikisha miaka mitano akiwa na jeni moja ya selimundu kuliko akiwa hana kabisa. Marekani ilikuwa imekwisha kutokomeza malaria, kwa hiyo kwa jicho la Pauling ilibaki hasara peke yake. Jeni ni ileile, herufi ni ileile. Mazingira ndiyo yaliyotofautiana, na matokeo ya Allison yalikuwa yamechapishwa kwa miaka 14 wakati Pauling anaandika.

Selimundu haiko peke yake. Kuna aina mbili za jeni inayoitwa APOL1 ambazo zimeenea kwa watu wa asili ya Afrika Magharibi. Zinahusishwa na kinga dhidi ya malale, lakini aliyerithi nakala mbili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kazi. Uhusiano huu wa figo na malale ulitambuliwa mwaka 2010 tu. Mtu ambaye angeamua mwaka 2005 jeni zipi zifutwe na zipi zibaki angekuwa anang'oa ukili kwenye mkeka bila kujua umeshikana na ukili gani mwingine.

Niseme wazi kwamba siandiki kusifu maumbile. Maumbile hayana huruma. Ile kinga ya malaria ililipiwa na watoto waliorithi jeni mbili, na kabla ya tiba wengi wao hawakufika hata umri wa shule. Chanjo ni kuingilia maumbile, miwani ni kuingilia maumbile, mama kufanyiwa upasuaji wa kujifungua ni kuingilia maumbile, nami nayapokea yote kwa shukrani. Tofauti ninayoitafuta iko kati ya kumtibu mtu aliyepo, anayeumwa na anayeweza kusema ndiyo au hapana, na kuamua ni watu wa namna gani wanastahili kuwepo.

Uamuzi wa namna hiyo umekwisha kufanywa. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton, binamu wa Charles Darwin, alibuni jina la elimu aliyoiita yujeniki, yaani kuboresha uzao wa binadamu kama wafugaji wanavyoboresha ng'ombe. Ilipendwa haraka. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907. Mwaka 1927 kesi ya msichana aitwaye Carrie Buck wa Virginia ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Ilidaiwa kuwa yeye, mama yake na mtoto wake mchanga wote ni punguani. Majaji wanane kati ya tisa walikubali afungwe kizazi, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya wapumbavu vinatosha.

Yule mtoto mchanga aliyehesabiwa kuwa kizazi cha tatu aliitwa Vivian. Alikwenda shule, na kuna wakati jina lake liliwekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki kwa maradhi akiwa na miaka minane. Carrie mwenyewe alikuwa amebakwa na jamaa wa familia iliyomlea, na kumpeleka kwenye taasisi ya walioitwa punguani ilikuwa njia ya kuficha aibu hiyo. Kilichoitwa sayansi kilikuwa umaskini wa familia moja na kosa la mwanamume mmoja, vikapewa jina la kitaalamu.

Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za aina hii. Uswidi, nchi tunayoitaja kwa utu na ustawi, iliendelea na sheria yake kuanzia mwaka 1934 hadi 1976. Ujerumani ilipitisha ya kwake Julai 1933, ikawafunga kizazi watu wapatao 400,000, na kuanzia mwaka 1939 ikaanza kuwaua wagonjwa wa akili na wenye ulemavu katika vituo vilivyoendeshwa na madaktari. Kutoka kufunga kizazi hadi kuua ilipita miaka sita.

Sisi nasi hatukuachwa. Nairobi mwaka 1933 walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mmoja wa vinara wake alikuwa H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake F. W. Vint alipima ubongo wa Waafrika waliofia hospitalini, akalinganisha na vipimo vya Wazungu vilivyochukuliwa na watu wengine mahali pengine, akatangaza kuwa ubongo wa mwenyeji wa Kenya haujakomaa sawasawa. Hoja hizo ziliingizwa kwenye mjadala wa elimu: kuna faida gani kumjengea shule mtu ambaye kichwa chake kimeumbwa hivyo? Maombi yao ya fedha kwa serikali ya Uingereza hayakufaulu, na chama kikafifia. Lakini tuelewe walichokuwa wanafanya. Walikuwa na mizani, na darubini, na majedwali ya takwimu. Walichokosa ni kujiuliza kwa nini kila walipopima mtu kamili alitokea kufanana nao.

Leo vifaa ni vingine kabisa. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza jinsi ya kutumia CRISPR, mfumo ambao bakteria hujikinga nao dhidi ya virusi, kukata jeni mahali panapochaguliwa. Wakapata Nobel ya kemia mwaka 2020. Hapa ndipo mambo mawili huchanganywa, na nadhani mkanganyiko mwingi mitaani na hata kwenye vyombo vya habari unaanzia hapo.

Jambo la kwanza ni kuhariri jeni za mgonjwa aliye hai. Mwaka 2019 Victoria Gray wa Mississippi, mama aliyeteswa na selimundu tangu utotoni, alitolewa seli za uboho, zikahaririwa maabara, kisha akarudishiwa. Madaktari hawakugusa ile herufi iliyoharibika. Walizima swichi inayozuia mwili kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile tunayokuwa nayo tumboni mwa mama, nayo ikaanza kufanya kazi badala ya ile mbovu. Maumivu yake yakakoma. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata. Mabadiliko hayo yako kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe. Watoto wake hawayarithi. Hii ni tiba, tena nzito, maana mgonjwa huchomwa kwanza dawa kali za kuua uboho wa zamani, na dawa hizo zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Lakini aliyeipokea aliambiwa hayo, akakubali.

Jambo la pili ni kuhariri kiinitete, yaani mimba ikiwa bado ni chembe moja au chache tu. Badiliko hilo huenea mwili mzima, hadi kwenye mayai au mbegu za kiume, na kwa hiyo kwa watoto na wajukuu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui wa Shenzhen, alitangaza kuwa amefanya hivyo. Watoto mapacha wa kike, waliopewa majina ya bandia Lulu na Nana, walikuwa wamezaliwa wakiwa na jeni iliyokatwa. Lengo lilikuwa wasiweze kuambukizwa VVU.

Kisa hiki kinafaa kuchunguzwa polepole, kwa sababu kila hatua yake inaonyesha jinsi ahadi ya ukamilifu inavyoharibika mikononi. Baba alikuwa na VVU, mama hakuwa navyo. Katika hali hiyo mbegu za kiume husafishwa maabara kabla ya kurutubisha yai, na mtoto huzaliwa salama. Mbinu hiyo ni ya siku nyingi, na ilitumika hata hapo. Kwa maneno mengine, watoto hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Huku kwetu wanawake wengi wenye VVU wanajifungua watoto wasio na maambukizi kwa vidonge tu, bila kugusa jeni ya mtu.

He alitaka kuiga badiliko la asili kwenye jeni iitwayo CCR5, linalopatikana kwa baadhi ya watu wa Ulaya, ambapo herufi 32 zimepotea na aina nyingi za VVU zinashindwa kuingia kwenye seli. Hakuliiga. Mkato ulitokea karibu na hapo, ukazaa mabadiliko ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana kwa binadamu. Pacha mmoja alibadilika nakala zote mbili za jeni, mwingine nakala moja tu, kwa hiyo huyo hata kinga iliyokusudiwa hakuipata. Zilikuwepo pia dalili kwamba si seli zote zilizobadilika sawasawa. Isitoshe, zipo aina za VVU zinazotumia mlango mwingine kabisa kuingia kwenye seli, na watu wasio na CCR5 huugua zaidi wakipatwa na virusi vya West Nile. Hapo tunakutana tena na somo la Allison: unaziba mlango mmoja, unafungua mwingine.

Mwaka 2019 utafiti mmoja ulidai kuwa wanaokosa CCR5 hufa mapema. Miezi michache baadaye ukaondolewa kwa sababu hesabu zilikuwa na kosa. Mimi hilo linanitia hofu kuliko matokeo yenyewe. Wataalamu hawakuwa na uhakika wa madhara ya jeni moja inayochunguzwa sana, ilhali watoto walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu He kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuani milioni tatu. Wachunguzi walisema alighushi nyaraka za kamati ya maadili. Alitoka gerezani mwaka 2022. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa uhariri wa jeni uliofanyika London mwaka 2023 ulisisitiza kuwa kuhariri viinitete kwa ajili ya uzazi bado hakukubaliki. Walikuwa na sababu za kiufundi pia. Mwaka 2020 watafiti wa New York walijaribu, bila nia ya kupandikiza mimba, kurekebisha jeni ya aina fulani ya upofu katika viinitete. Sehemu kubwa ya mikato haikuzibika, na kromosomu yenyewe ikapotea nusu au nzima.

Watetezi wanasema mbinu zitaboreka. Inawezekana. Lakini jiulize, zikishaboreka zitatumika kwa kazi gani? Wazazi wenye hofu ya kurithisha ugonjwa mzito wanaweza tayari kutungisha mimba maabara na kuchagua kiinitete kisicho na ugonjwa, bila kuhariri chochote. Wanaobaki bila njia hiyo ni wachache sana, mfano wanandoa ambao wote wawili wana selimundu kamili. Kwa hao hoja ya kuhariri ni ya haki na naisikiliza kwa makini. Ila soko halijengwi na wanandoa wachache. Soko hujengwa na wale wanaotaka mtoto mrefu zaidi, mwenye akili zaidi, mweupe zaidi.

Soko hilo limekwisha kufunguliwa. Marekani zipo kampuni zinazopima viinitete na kuvipa alama za uwezekano wa kisukari, urefu, hata akili. Tatizo ni kwamba sifa hizi hazikai kwenye jeni moja. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya milioni tano ulikuta sehemu zipatazo 12,000 za vinasaba zinazohusiana na urefu peke yake. Kila moja huongeza au hupunguza kiasi kidogo mno, na nyingi zina kazi nyingine mwilini. Watafiti waliokokotoa mwaka 2019 mzazi angefaidi nini kwa kuchagua kiinitete chenye alama ya juu walipata sentimita mbili na nusu hivi, na kwenye familia kubwa walizozichunguza mtoto mwenye alama ya juu kabisa ya urefu mara nyingi siye aliyekuwa mrefu kuliko ndugu zake wote. Kwa Mwafrika alama hizo zina maana ndogo zaidi, kwani data nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo tumerudi Nairobi ya mwaka 1933: kipimo kimetengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja, kisha kinaitwa kipimo cha binadamu.

Gharama nyingine hailipwi na mtoto anayezaliwa. Inalipwa na aliyekwisha kuzaliwa. Jamii ikizoea kuona ulemavu au ugonjwa wa kurithi kama kosa la mzazi aliyezembea kuchagua, huruma kwa mwenye ulemavu hupungua, na bajeti yake pia. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, wakimwonya anayemcheka kilema. Mwenye ualbino wa Tanzania hahitaji kuambiwa kuwa vinasaba vyake vingeweza kurekebishwa. Anahitaji mafuta ya kukinga jua, kofia, nafasi ya mbele darasani, na uhakika kwamba hakuna atakayemwinda.

Na selimundu? Tiba ile ya kuhariri uboho ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania, moja ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Natamani siku moja tiba hiyo ishuke bei iwafikie, na wanasayansi wanaoifanyia kazi wana heshima yangu yote. Lakini kuna kidonge kiitwacho haidroksiyurea, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambacho nacho huamsha himoglobini ya utotoni. Kilijaribiwa kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, vifo vikapungua, na hata malaria ikapungua. Mtoto akipimwa siku zake za mwanzo, akapewa penisilini ya kinga, chanjo ya nimonia na chandarua, kisha akaanzishiwa kidonge hicho, ana nafasi nzuri ya kumaliza shule na kufika utu uzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilisha jeni yake. Akishakuwa mkubwa ataamua mwenyewe ampende nani, azae au asizae.